Chupa Zilizonuna

Hagadera si mahali pa kukosa povu. Acha maharagwe ya jana kwenye sufuria, na asubuhi utakuta kifuniko kinatikisika ilhali jiko halijawashwa. Maziwa ya ngamia yanayotoka malishoni alfajiri yakifika sokoni adhuhuri yamekwisha kubadili ladha, na muuzaji hatasema yameharibika. Atayapandisha cheo, ayaite susa, na pengine aongeze bei. Unga wa mikate ya anjera uliokorogwa usiku huamka kabla ya mwadhini. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba katika kambi hii ya wakimbizi, mwezi wa Machi, kuna kinywaji kilichotiwa sukari na hamira, kikafungwa chupani, kikakaa siku nenda siku rudi bila kutoa kiputo hata kimoja, una haki ya kumgusa paji la uso uone kama ana homa.

Chupa zilikuwa za rafiki yangu, mwalimu wa kemia. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule hiyohiyo, na katika kisa hiki nilikuwa shahidi tu, kisha nikawa mchukuzi. Yeye na kambi ni karibu rika moja. Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya kambi ya Ifo, Wasomali waliokimbia vita walipozidi kufurika upande huu wa mpaka. Kambi tatu za kwanza za Dadaab zilipangiwa watu 90,000 zikijumlishwa, na sidhani waliozipanga waliwahi kufikiria kwamba mtoto angezaliwa humo, asome humo, afanye mtihani wa taifa humo, kisha arudi darasani humohumo kushika chaki. Hulipwa kitu kinachoitwa insentivu, pesa ambazo zenyewe huona haya kuitwa mshahara. Ndiyo maana kichwani mwake mna mizani isiyolala: soda ni shilingi ngapi, sukari ni shilingi ngapi, na watoto wa bloku yetu watakuwa wangapi siku ya Idd.

Lawama ya kwanza naiweka kwenye mtaala. Mtaala wa Kenya hauna huruma: mwanafunzi wa Kidato cha Nne lazima ajue jinsi ethanoli inavyotengenezwa kutokana na sukari na hamira, awe Hagadera au awe Homa Bay, na kalenda ya shule haimuulizi mtu kama amefunga. Basi rafiki yangu akajikuta katikati ya Ramadhani, koo limemkauka, anawaeleza vijana waliokauka koo vilevile jinsi pombe inavyopatikana. Alifanya alivyoweza kuisogeza pombe kando. Alipitisha ile gesi kwenye maji ya chokaa, maji yakageuka meupe, akasema hii ndiyo kaboni dayoksaidi, na hii ndiyo inayokuchoma puani ukinywa soda. Akawasimulia habari za Joseph Priestley, mhubiri wa Kiingereza ambaye mwaka 1767 alihamia Leeds akapata nyumba karibu na kiwanda cha bia. Akaona kwamba juu ya mapipa ya bia inayochacha hutanda hewa nzito inayozima mshumaa, akaitia hewa ile kwenye maji, akayanywa, akayapenda. Mwaka 1772 alichapisha kijitabu cha kueleza namna ya kuyatengeneza, na soda zote za dunia zimetoka huko.

Mwanafunzi wa dawati la mbele akauliza, “Kwa hiyo, mwalimu, soda ni jirani ya pombe?”

“Ni majirani,” akajibu, “lakini hawajaoana.”

Lilikuwa jibu zuri sana, na ndilo lililomponza. Tulipokuwa tukitoka alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Tangawizi ni rahisi. Limau lipo. Sukari ipo, hata kama ni ya kupimiwa. Chupa za plastiki za soda zimetapakaa kambi nzima zikisubiri mtu mwenye elimu. Angewatengenezea watoto wa bloku soda ya tangawizi, iwe tayari siku ya Idd, na kila mtoto apate chupa yake badala ya kugombania chupa moja kubwa na kaka zake.

Alianza vizuri. Alitwanga tangawizi hadi wapita njia wakapiga chafya. Akachemsha na sukari na karafuu, akachuja, akakamua limau. Akaona rangi haivutii, imefanana na maji ya kuoshea vyombo, akaongeza skwashi ya machungwa, ile inayonunuliwa na kila nyumba wakati wa futari. Akatia hamira, akakoroga, akajaza chupa, akakaza vizibo mpaka viganja vikawa vyekundu. Halafu, kwa kuwa amesoma kwamba chupa zikipata joto kali hupasuka, akazilaza kivulini na kuzifunika kwa magunia mabichi, ambayo aliyarushia maji kila alipopita. Hivyo ndivyo tunavyopoza maji ya kunywa huku: gunia bichi kwenye mtungi, upepo mkavu wa Garissa unapita, unalinyonya gunia, na mtungi unapoa kana kwamba una waya wa umeme.

Kesho yake jioni akazibinya. Chupa ya plastiki ina faida hiyo: huhitaji kuifungua ili kujua hali ya ndani. Gesi ikijaa, chupa inakuwa ngumu, haibonyei. Zake zilibonyea. Keshokutwa zikabonyea tena. Akawa anaamka kula daku na kupita kuzibinya kwanza, moja baada ya moja, kama mnunuzi wa maparachichi asiye na nia ya kununua. Mkewe alisema kama angewabinya hivyo wanawe mashavu, wangekuwa wamenenepa.

Bloku zetu hazina siri. Ua ni miiba tu. Siku ya tatu ikawa ni suala la umma.

Wa kwanza kuja alikuwa eedo mwenye hoteli ya anjera, ambaye kila mtu humwita eedo, yaani shangazi, hata wasio na undugu naye hadi ukoo wa tano. Amepika anjera tangu kambi ilipokuwa mahema, na mambo ya uchachu hapangiwi na mtu. Kwa kuwa ilikuwa mchana wa Ramadhani hakuweza kuonja, basi akachunguza kwa viungo vilivyobaki. Akanusa. Akaiinua chupa juani akatazama chini yake. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akanyamaza kwa muda mrefu hata sisi tukanyamaza.

“Hakuna mtu humu ndani,” akasema.

Akataka kuiona pakiti ya hamira. Ilikuwa imefunguliwa zamani, mdomo umekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo, ikakaa juu ya kabati chini ya mabati, mahali ambapo saa nane mchana hata mshumaa huinama. Eedo akaagiza maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari, akanyunyiza hamira kidogo kwenye kikombe, akakifunika kwa sahani, akaendelea na habari nyingine. Hamira nzima, muda mfupi tu baadaye, huwa imefanya kofia ya povu. Yake ilifanya duara dogo pembeni, viputo vitatu vinne vya aibu.

“Si kwamba wamekufa wote,” akasema. “Wamebaki wazee.” Kisha akauliza swali lililomfanya rafiki yangu atazame chini: “Na maji uliyowatilia yalikuwa ya moto kiasi gani, mwanangu?”

Yalikuwa ya moto. Alikuwa amefanya haraka kabla ya magharibi. Hamira ni kiumbe hai, ukungu wa chembe mojamoja, na joto likipita nyuzi 50 huanza kumuua. Eedo hana kipimajoto, ana kidole kidogo, ambacho hukitia kwenye maji na kukiacha. Kidole kikiweza kukaa bila kulalamika, hamira itakaa. Nimewahi kuona maabara zenye vifaa ghali zaidi ya kidole hicho, na majibu yake hayakuwa ya kuaminika kiasi hicho.

Rafiki yangu, hata hivyo, ana shahada, na mwenye shahada hapendi kushindwa na kikombe. Akaleta nadharia yake: klorini. Maji yetu hutoka visimani, visima virefu vinavyovuta kutoka kwenye hifadhi ya maji ya Merti iliyo chini ya mchanga huu wote, na kabla hayajafika bombani hutiwa klorini. Kiwango kinachotakiwa bombani ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, na panapozuka kipindupindu huongezwa. Klorini imewekwa kuua vijidudu. Hamira ni kijidudu. Kwa hiyo, akahitimisha kwa kidole juu, soda yake imeuawa na huduma za kibinadamu.

Nilitaka kumpigia makofi. Eedo alikuwa akifunga leso yake.

“Anjera yangu inakorogwa kwa maji ya bomba hilohilo,” akasema, “na kila siku inaumuka. Halafu wewe uliyachemsha. Hiyo dawa si ilitoka na mvuke?”

Klorini ikafa hapo.

Mwenye duka la mkabala alikuja na nadharia ya biashara. Kwa maoni yake chupa zilikuwa zikipumua. Kizibo cha soda kimetengenezwa kifungwe kiwandani mara moja. Ukikifungua na kukifunga, na mtoto akakitafuna katikati ya shughuli hizo mbili, hakizibi tena sawasawa. Akaomba beseni la maji, akazamisha chupa kichwa chini na kuibinya. Kweli, mojawapo ilitoa mnyororo mwembamba wa viputo shingoni. Tulishangilia kama tumepata mkosaji, mpaka tulipozamisha nyingine zote na zikatulia kimya, zimeziba vizuri kabisa, hazina cha kuvujisha. Hapo akatoa ushauri wa pili, ambao kwa bahati alikuwa na bidhaa yake dukani: baikaboneti, ile wanayotia kwenye maharagwe yaive haraka. Changanya na limau, upate gesi papo hapo, bila hamira, bila kungoja, bila eedo.

Kikemia hakuna kosa. Asidi ya limau ikikutana na baikaboneti, kaboni dayoksaidi hutoka kwa kishindo. Walijaribu wakati wa kufuturu. Povu lilipanda likamwagika mezani, likaloweka sambusa, likatulia. Kilichobaki kikombeni hakikuwa na gesi yoyote, ila kilikuwa na chumvi, na ladha ya dawa ya kiungulia juu ya tangawizi. Mtoto wa mwisho wa rafiki yangu alikunywa funda moja akamtazama baba yake kwa macho ya mtu aliyefunga kutwa nzima kwa ajili ya hili, ingawa alikuwa hajafikia umri wa kufunga.

Mimi nilichangia jambo moja tu. Mwalimu wa Kiswahili husoma kila kilichoandikwa, hata karatasi ya kufungia njugu. Nikawa nimeshika chupa tupu ya ile skwashi, nasoma mgongo wake, nikakuta kati ya sukari na rangi kuna sodiamu benzoeti. Nikamuuliza rafiki yangu ni kitu gani. Alikaa kimya muda mfupi, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Sodiamu benzoeti hutiwa kwenye skwashi kwa kazi moja kubwa: kuzuia hamira na ukungu visizaliane humo ndani, ili chupa isichache dukani. Na hufanya kazi vizuri zaidi penye uchachu, kama vile pale ulipokamua limau. Kwa hiyo katika sufuria moja alikuwa ametia hamira ianze kazi, na askari wa kuizuia isifanye kazi, na limau la kumtia askari nguvu. Kilichobaki cha benzoeti baada ya kuchanganywa na maji yote yale hakikutosha kuua. Kilitosha kuchelewesha.

Usiku huo nilimpigia simu Kukhu, nyanya yangu, huko Bungoma. Sikumpigia kwa sababu ya soda. Nilimpigia kumjulia hali, lakini Kukhu ni mpishi wa pombe ya busaa wa miaka mingi, na huwezi kumficha mtu wa namna hiyo habari ya kinywaji kilichokwama. Busaa yenyewe haipitii chupani hata siku moja. Unga wa mahindi huloweshwa na kuachwa uchache, ukakaangwa kwenye bati hadi ukawa kahawia, ukatiwa maji na kimea cha wimbi, ukachujwa, na ukanywewa ukiwa bado unaongea, wazee wamezunguka chungu kwa mirija mirefu. Hakuna anayeingoja itoe gesi. Gesi ni yao wakati huohuo, na kesho haifai. Kwa hiyo nilipomweleza kuhusu vizibo alihuzunika kidogo, kisha akauliza mahali tunapoziweka chupa.

“Chini ya gunia bichi, Kukhu.”

Simu ilinyamaza hadi nikadhani vocha imeisha.

“Mmeilaza baridini,” akasema, “halafu mnaiuliza mbona hailevyi?”

“Kukhu, si pombe. Ni soda.”

“Haya. Mmeilaza baridini halafu mnaiuliza mbona haiongei?”

Kwa hiyo jawabu lilikuwa hili, na lilihitaji mtu wa Bungoma kulisema: katika kaunti inayosifika kwa joto, chupa zile zilikuwa zikipigwa baridi. Watu wa Ulaya wanaopika bia majumbani huwa na tatizo hilihili, wao wakiwa na sababu ya haki: nyumba ni baridi, hamira inasinzia, na bia ambayo kwenye chumba cha nyuzi ishirini ingehitaji wiki mbili au tatu kupata gesi inakwenda mwezi na zaidi. Dawa yao ni kuihamishia chupa mahali pa joto na kuitikisa kidogo ili hamira iliyolala chini iamke. Sisi, joto tulikuwa nalo bure, la kugawa. Tukalifukuza kwa gunia.

Ungedhani baada ya hapo rafiki yangu angekimbia kuyavua magunia. Alikuwa njiani kufanya hivyo sheikh alipopita.

Sheikh wetu ni mtu mpole, na swali lake lilikuwa la upole. Alitaka tu kujua: hiyo gesi inayosubiriwa, inatoka wapi? Na mwalimu wa kemia, ambaye angeweza kusema inatoka kwa Mwenyezi Mungu na mazungumzo yakaishia hapo, akasema ukweli. Akachukua kijiti akaandika mchangani. Hamira hula sukari. Katika kila gramu 180 za sukari ya glukosi hutoka gramu 88 za gesi, na gramu 92 za ethanoli. Huwezi kuagiza moja ukaacha nyingine. Wamezaliwa pacha.

“Katika chupa zako ni kiasi gani?” akauliza sheikh.

Akapiga hesabu. Ili lita moja ichangamke kama soda ya dukani inahitaji kama gramu saba za gesi. Maana yake ni sukari gramu kumi na nne hivi zimeliwa, na gramu saba na kitu za pacha wa pili zimebaki ndani. Haifiki asilimia moja. Hakuna mtoto wala mzee anayeweza kulewa kwa hiyo. Tumbo litajaa maji kwanza.

Sheikh aliitazama ile hesabu mchangani kwa heshima kubwa. Akasema kwamba katika Sahih Muslim imo habari ya Mtume kuloweshewa zabibu kwenye maji, akinywa siku hiyo na ya pili na hadi ya tatu, na kikibaki kitu baada ya hapo kilimwagwa au kupewa mtu mwingine. Wanavyuoni wameeleza kwamba kinachoogopwa ni kile kinachotokea baada ya siku hizo. Yeye binafsi hataki kumharamishia mtu tangawizi. Lakini siku ya tatu, akahesabu kwa vidole, si ilikuwa jana?

“Lakini, sheikh, haijatoa gesi hata kidogo,” akasema rafiki yangu. “Na kama hakuna gesi, basi hakuna na ile nyingine. Haijachacha. Ni sharubati tu.”

“Basi bado ni halali,” akasema sheikh.

“Ndiyo.”

“Kwa sababu umeshindwa.”

“Ndiyo, sheikh.”

“Na ungefaulu…”

Hakumalizia. Akamshika bega, akamwombea heri ya kumi la mwisho, akaenda zake. Nimehudhuria midahalo mingi ya dini na sayansi, mingine ya kulipiwa posho, na sijaona uliofika mbali kama ule uliofanyika kwa kijiti. Rafiki yangu alibaki amesimama na gunia mkononi, hajui alirudishe au alitupe. Siku zote zile alikuwa ameomba chupa zitoe gesi, na kumbe usalama wake wote ulikuwa katika kununa kwao.

Mkewe ndiye aliyekata shauri. Sharubati ni sharubati. Watoto wainywe jioni hiyohiyo kabla haijabadili mawazo. Wakainywa. Tangawizi ilikuwa nyingi kiasi kwamba watoto walizunguka bloku wakipepea ndimi, jambo ambalo baadaye walilikumbuka kama furaha. Zikabaki chupa chache ambazo hakuna mtoto aliyezitaka tena, na kwa kuwa mimi nilikuwa nasafiri kwenda Garissa mjini kwa likizo ya Idd, na dini yangu haina neno na siku ya tatu, nikapewa mimi niwapelekee wenyeji wangu. Sharubati iliyokufa, tulikubaliana wote, haina madhara.

Nikaziweka chumbani mwangu hadi siku ya safari. Chumba changu ni cha mabati, na hakina gunia.

Barabara ya kwenda Garissa ni kama kilomita mia moja, na sehemu kubwa niliyoijua mimi ni mchanga na mashimo ambayo dereva huyakwepa kwa kuingia mengine. Begi langu lilikuwa sakafuni, karibu na injini, mahali ambapo abiria huinua miguu baada ya muda. Chupa zililala humo zikitikiswa, zikipashwa joto, zikitikiswa tena, na benzoeti nadhani ilikuwa imekwisha kusalimu amri. Wale wazee wa eedo walikuwa wamepata wajukuu. Mimi nilikuwa nimesinzia.

Kabla ya kuingia mjini kuna kizuizi, na kizuizini kila mtu hushuka na kitambulisho mkononi. Afande alikuwa kijana wa bara, amevaa shati lililopigwa pasi kwa namna iliyoonyesha kwamba mama yake yu hai. Alikagua kitambulisho, akakagua begi, akatoa chupa: chupa ya soda isiyo na karatasi, ina kitu cha rangi ya machungwa, na chini mashapo meupe.

“Hii ni nini, mwalimu?”

“Tangawizi, afande. Ya kutengeneza nyumbani.”

Akaibinya. Haikubonyea hata kidogo. Mimi niliona, nikafurahi kwa ajili ya rafiki yangu, kisha nikaelewa nilichokuwa nikikiona.

“Ni pombe?”

Sasa kwa swali hilo kizuizini kuna majibu mawili, na mtu mwenye akili huchagua moja. Lakini mimi nilikuwa na ule mchanga kichwani, gramu 88 na gramu 92, siku ya tatu na siku zilizofuata, na heshima kwa sheikh. “Inategemea, afande,” nikasema.

Abiria walionizunguka walirudi nyuma hatua moja. Neno “inategemea” halijawahi kumsaidia mtu kizuizini. Afande akanitazama, akaishika chupa shingoni, na kabla sijasema “polepole” akazungusha kizibo.

Sijui kizibo kilianguka wapi. Povu lilipanda kwanza moja kwa moja, zuri, jeupe, refu, kiasi kwamba ningetamani rafiki yangu angekuwepo na Kidato chake cha Nne chote. Kisha likageuka na kurudi chini, likamkuta afande usoni, kifuani, na kwenye ile pasi ya mama yake. Mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa barabara alikuwa amekwisha lala kifudifudi. Mbuzi walikimbia. Kondakta alisema “Subhanallah” kwa sauti ya mtu anayekumbuka kwamba hajalipa bima.

Halafu kimya. Afande alisimama akitiririka, chupa mkononi, sukari ikianza kumkauka nyusi kwa lile jua. Akatoa ulimi pembeni mwa mdomo, akajilamba. Akafikiri. Akajilamba tena upande wa pili. Chini ya chupa kulikuwa kumebaki kama vidole viwili vya kinywaji. Akaviinua juani, akavinywa, akavizungusha mdomoni kwa makini ya mtu aliye kazini.

“Si pombe,” akatangaza, na abiria wakashusha pumzi. Kisha akanirudishia chupa tupu akiwa amekunja uso.

“Lakini mwalimu, hii soda yenu mbona haina gesi?”